Wanataka niondoe ombi la kupasua vifundo. Niondoe?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni daktari wa miguu hapa Marekani. Baada ya chuo cha podiatria nilifanya mafunzo ya ubingwa wa upasuaji hospitalini kwa miaka 3, na cheti nilichopewa kinaonyesha wazi kwamba nilifunzwa pia upasuaji wa sehemu ya nyuma ya wayo na wa kifundo. Sheria ya jimbo letu inaturuhusu kupasua kifundo. Nimeajiriwa katika kliniki ya mzee mmoja wa fani yetu, katika mji wenye hospitali moja kubwa, na hospitali hiyo ndiyo niliyoiomba ruhusa ya kupasulia wagonjwa humo.

Faili langu nililiandaa kwa uangalifu: leseni ya jimbo, usajili wa dawa zinazodhibitiwa, bima ya makosa ya kitabibu, barua za madaktari walionifundisha, na daftari la kesi zangu zote za mafunzo. Fomu ya ruhusa ina makundi mawili. La kwanza ni vidole, kucha, uvimbe wa mfupa kwenye kidole gumba, na nyama za wayo. La pili ni kuvunjika kwa kifundo, kuvunjika kwa mfupa wa kisigino, kuunganisha mifupa ya kiungo ili kisicheze tena, na kuweka kifundo cha bandia. Niliweka alama kwenye visanduku vyote, maana vyote nimefunzwa.

Sasa mkuu wa idara ya upasuaji wa mifupa amenipigia simu. Aliongea kwa upole. Alisema, "Daktari, kundi la kwanza halina shida. Hilo la pili nakushauri uliondoe mwenyewe kabla ya kikao cha kamati. Ukishapata cheti kamili cha ubingwa, omba tena. Ukiliacha likakataliwa, litakufuata maisha yako yote."

Shangazi, cheti hicho nakipataje? Mitihani ya mwanzo ya American Board of Foot and Ankle Surgery, bodi inayotoa cheti hicho, nimeifaulu, na wananitambua kuwa nimestahiki kuendelea. Lakini cheti kamili cha kifundo kinadai kesi nilizopasua mwenyewe baada ya mafunzo. Nisipopewa chumba cha upasuaji sina kesi, na bila kesi sina cheti.

Mwajiri wangu naye hajui aniambie nini. Yeye alisoma zamani, mafunzo yalipokuwa mafupi, na hajawahi kupasua kifundo. Wagonjwa wake wenye kazi kubwa huwapeleka kwa kundi la huyo huyo mkuu wa idara. Nilipomweleza habari za simu ile alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Binti, mimi na watu hawa tumeishi vizuri." Na mkataba wangu naye unanitaka niwe nimepata "ruhusa kamili za upasuaji" kabla mwaka wa kwanza haujaisha, niweze kushika zamu za dharura. Mume wangu anasema niweke mwanasheria nipigane.

Jambo lililonifanya nikuandikie ni mgonjwa. Kuna mama mwenye kisukari ambaye nimekuwa nikimsafisha kidonda cha wayo hadi kikafunga. Aliteleza nyumbani akavunjika kifundo, ndani na nje. Nilisimama kwenye chumba cha dharura nikiitazama eksirei yake, kazi ninayoijua, kisha nikamkabidhi kwa mtu mwingine. Akaniuliza, "Kwani si wewe daktari wa mguu wangu?" Sikuwa na jibu.

Niliondoe ombi, au nisubiri kamati iamue?

Daktari wa miguu, Marekani

* * *

Marahaba mwanangu.

Kabla ya safu hii nilifanya kazi miaka mingi katika ofisi ya hospitali inayohakiki faili za madaktari, huko huko Marekani. Simu kama uliyopigiwa naifahamu. Nyingine hupigwa kwa nia njema, nyingine kwa nia ya kulinda shamba, na mara nyingi nia zote mbili zimo katika simu moja. Kwa hiyo kwanza nikupe pole. Umesoma chuo kikuu, ukasoma podiatria miaka 4, ukakesha hospitalini miaka 3, halafu mtu anakuomba kwa sauti ya upole ufute kwa mkono wako mwenyewe nusu ya ulichofundishwa. Hilo linauma, na si jambo dogo.

Nikikuelewa vizuri, umeshikwa pande tatu. Hospitali inataka cheti kabla ya kesi, bodi inataka kesi kabla ya cheti, na kliniki inataka vyote kabla ya mwaka kuisha. Swali lako ni niondoe au nisubiri. Lakini swali hilo hukulitunga wewe, ulipewa kwenye simu. Hebu tulitazame kwanza kabla hujalijibu.

Tuanze na maneno yaliyokutisha, "litakufuata maisha yako yote." Nadhani alikuwa na maana ya National Practitioner Data Bank, hifadhi ya taarifa ya serikali ya shirikisho iliyoanza kazi mwaka 1990. Kila hospitali lazima iiulize habari zako unapoomba kuingia, na kila baada ya miaka 2 ukiwa ndani. Sheria inailazimisha hospitali kuripoti huko pale inapomnyima au kumpunguzia ruhusa daktari wa tiba au wa meno kwa sababu ya uwezo au mwenendo wake, hatua hiyo ikizidi siku 30. Kwa madaktari wa miguu hospitali haijalazimishwa, ila inaweza kuripoti ikitaka. Na hata kwa hao wengine, anayekataliwa kwa sababu tu hajatimiza sharti la kuingilia, kama vile cheti fulani, hahesabiwi kuwa amehukumiwa uwezo wake. Kwa hiyo hofu hiyo ina msingi, lakini si kubwa kama ilivyosikika kwenye simu.

Upande wa pili hakukuambia. Fomu nyingi za hospitali, za bima na za leseni huuliza swali refu: je, umewahi kukataliwa, kupunguziwa, au *kuondoa mwenyewe* ombi la ruhusa? Kuondoa nako kunaandikwa. Kuondoa ombi la mara ya kwanza kabla ya uamuzi, bila uchunguzi wowote juu yako, kwa kawaida hakuripotiwi kwenye hifadhi ile, lakini miaka 10 ijayo katika mji mwingine bado utaulizwa na itabidi ujibu kweli. Nimeona madaktari wazuri wakikwama kwa sababu waliandika "hapana" mahali palipostahili "ndiyo" na sentensi mbili za maelezo. Maelezo yenyewe yasingemsumbua mtu.

Sasa hilo la cheti. Kanuni za shirikisho kwa hospitali zinazopokea fedha za Medicare, bima ya afya ya serikali inayohudumia hasa wazee, zinasema uanachama katika jopo la madaktari na ruhusa za kutibu visitegemee cheti cha ubingwa *peke yake*. Neno hilo la mwisho lina uzito. Hospitali inaweza kudai cheti pamoja na mambo mengine, kama idadi ya kesi, aina ya mafunzo na ushuhuda wa walimu. Lakini kama sababu pekee ni kwamba hujakipata bado, una haki ya kuuliza kwa adabu: je, sharti hili limeandikwa wapi? Na swali linalofuata, ambalo ningependa uwe nalo mfukoni hata usipolitoa: daktari wa mifupa aliyehitimu juzi, mlimpa kifundo siku ya kwanza? Yeye pia hana cheti kamili. Bodi yao humtaka afanye kazi kwanza na kuleta orodha ya kesi zake ndipo akae sehemu ya pili ya mtihani. Joint Commission, inayokagua hospitali nyingi za huko, inataka vigezo vya ruhusa fulani vitumike sawa kwa kila anayeishika. Kama hospitali yako inawapa wahitimu wa mifupa miaka kadhaa ya kukamilisha cheti, kuna hoja nzito ya kukupa na wewe muda huo. Kama haiwapi, basi umejua kwamba mlango ni mwembamba kwa wote, na hasira yako itapungua kidogo.

Ndiyo maana kabla ya kuondoa au kusubiri ningeomba karatasi mbili: kanuni za jopo la madaktari, na vigezo vilivyoandikwa vya kundi la pili. Ofisi inayoshughulikia faili lako inazo. Kuziomba si ugomvi, ni kazi yao ya kila siku. Huenda ukakuta vigezo vya kifundo vipo na umevitimiza. Huenda ukakuta havipo kabisa, watu wanaamua kwa mazoea. Huenda ukakuta vipo na hujavitimiza, na mkuu yule alikuwa anakusitiri. Ni habari tatu tofauti kabisa, na ushauri wa simu ile haukukuambia uko kwenye ipi.

Niruhusu sasa nikuulize jambo ambalo halitakufurahisha. Ulisema uliweka alama kwenye visanduku vyote. Fungua daftari lako la kesi ukiwa peke yako, usome mstari kwa mstari. Kuvunjika kwa kifundo, nadhani utakuta kurasa nyingi. Mfupa wa kisigino je, ulishika kisu au ulishika vyombo? Kifundo cha bandia, cha mwisho kilikuwa lini, na nani aliamua pembe ya kukata mfupa? Kamati zinatazama hayo: idadi, ukaribu wa tarehe, na nafasi yako mezani. Fomu yenye alama kila mahali humfanya msomaji ashindwe kutenganisha unachokimudu na ulichokiona. Kundi la pili si jiwe moja. Ruhusa hutolewa kwa kila aina ya kazi kulingana na uwezo wa anayeomba, na hospitali hutakiwa kuwa na orodha inayoonyesha kila mpasuaji ameruhusiwa nini hasa. Maana yake unaweza kubaki na ombi la mivunjiko ya kifundo na kuahirisha kifundo cha bandia, na barua yako ikaeleza sababu. Hiyo haipo katika "niondoe au nisubiri", lakini ipo.

Njia hiyo nayo ina hatari zake. Ukipunguza sana utazoeleka kwa kidogo, na kurudi kuomba zaidi kunahitaji kesi ulizojinyima mwenyewe. Kuna madaktari wa miguu waliosema "nitaongeza mwakani", wakastaafu na fomu ile ile.

Kuhusu mkuu wa idara, huenda analinda wagonjwa wa kundi lake. Ushindani wa madaktari wa mifupa na wa miguu juu ya kifundo ni wa miaka mingi, na hakuna faida kujifanya haupo. Lakini jaribu pia kusikia maswali halali anayoweza kuwa nayo. Mgonjwa wako akipanda sukari saa 8 usiku baada ya upasuaji, nani ataitwa? Kanuni za Medicare zinataka daktari wa tiba awajibike kwa maradhi yaliyo nje ya fani ya podiatria wakati mgonjwa amelazwa. Mama yule uliyemsafisha kidonda ni mfano kamili: kifundo kimevunjika pande mbili, mifupa na mishipa ya fahamu imeathiriwa na kisukari, na kidonda kimefunga juzi tu. Wewe unamjua mguu wake kuliko wote. Upasuaji wake lakini hauishii mguuni. Ukienda na barua ya daktari wa wodi aliyekubali kushirikiana nawe kwa wagonjwa kama huyo, pamoja na mpango wa nani anashika simu ukiwa safarini, utakuwa umejibu jambo ambalo pengine ndilo linalomkosesha usingizi.

Unaweza pia kwenda na pendekezo. Joint Commission inataka kila ruhusa mpya, ya daktari yeyote awe mgeni au mzoefu, ianze na kipindi cha kuangaliwa. Kwa hiyo utaangaliwa tu. Badala ya kungoja wapange wao, pendekeza: kesi zangu za kwanza za kifundo ziangaliwe na daktari mwenye ruhusa hiyo, kisha ripoti ipelekwe kamatini. Hapa uwe makini. Mwangalizi akiwa mshindani wako, kipindi hicho kinaweza kuwa kirefu kisicho na mwisho, kila mara ratiba yake imejaa. Kabla ya kukubali hakikisha imeandikwa ni kesi ngapi, nani wa akiba ikiwa wa kwanza hapatikani, kama mtu wa nje ya hospitali anakubalika, na kitu gani kinakimaliza. Nimeshuhudia kipindi cha namna hiyo kikifungua njia vizuri sana, na nimekiona pia kikimfunga mtu.

Ukiamua kusubiri kamati bila kubadilisha kitu, soma kwanza sehemu ya kanuni inayohusu rufaa. Je, daktari wa miguu ana haki ya kusikilizwa kama wengine? Hospitali nyingine humpa, nyingine humbana. Muda wa kuomba kusikilizwa mara nyingi ni siku 30 tangu barua ikufikie, na ukipita umepita. Hapo ndipo ningemwita mwanasheria wa mambo ya afya, na mwambie mumeo nimekubaliana naye nusu. Mwite sasa, asome kanuni, fomu na mkataba wako, akuambie kila neno litaandikwaje. Barua yenye nembo ya mwanasheria ikitangulia mbele yako kamatini ni jambo jingine. Wakati mwingine inahitajika. Lakini ikishafika, watu waliokuwa tayari kuongea nawe kwenye korido wataongea na idara ya sheria.

Kuna njia za pembeni: kituo cha upasuaji cha kutwa, au hospitali ya mji wa jirani. Kesi za huko zinaweza kukusaidia kwenye cheti. Ila vituo vingi vya kutwa vitakuuliza una ruhusa katika hospitali gani ya karibu, na wagonjwa wanaofaa huko ni wale wenye afya, wanaorudi nyumbani jioni. Mama yako wa kisukari hatakuwemo. Mji wa jirani nao una umbali, na kifundo kilichovimba usiku hakisubiri ufike. Uliza kwanza bodi yako ya ubingwa wanakubali kesi za aina gani, ndipo ufikirie petroli.

Nimemwacha mwajiri wako mwisho kwa sababu nadhani ndiye anayekuumiza zaidi, kuliko unavyokiri. Alikuajiri ufanye asichoweza, na sasa anaogopa gharama yake. Sidhani ni mtu mbaya. Kwa miaka yote hiyo wagonjwa wake walitibiwa kwa sababu alijua kuishi na watu, na uhusiano huo kwake si kitu cha kuchezea. Lakini mkataba wako unadai "ruhusa kamili", na yeye mwenyewe anakuomba usiziombe kwa nguvu. Hayo mawili hayakai pamoja, na si haki ubebe wewe peke yako. Mwulize "kamili" maana yake ni ipi: ni kila kisanduku kwenye fomu, au ni zile zinazotosha zamu za dharura? Mwombe yaandikwe, na muda uongezwe ikiwa kamati itachelewa. Kisha mwulize kama yuko tayari kukaa nawe na yule mkuu wa idara kwa nusu saa, yeye anayefahamika, wewe ukiwa na daftari lako. Anaweza kukataa. Akikataa, utakuwa umejua kabla ya kikao unasimama na nani, na hilo litakusaidia kupima hata kama mji huo ndio wa kukaa.

Mkuu wa idara alikutaka ujibu kabla ya kikao. Unaweza kumjibu leo hii bila kuamua lolote: mshukuru kwa kukupigia, mwambie unalipitia ombi lako mstari kwa mstari, na mwombe vigezo vya kundi la pili kwa maandishi. Nakala ipeleke ofisi ya uhakiki. Kama kikao kiko karibu mno, uliza kama faili lako linaweza kuhamishiwa kikao kinachofuata. Kuahirisha si kuondoa, ila hakikisha ofisi imeandika hivyo hivyo.

Shangazi yako